Gari Linachemka Lini?

Mshale wa joto unapopanda hata ukagusa alama nyekundu, watu wengi hukimbilia jambo moja, nalo ni kutafuta maji. Huijaza rejeta, huendelea na safari, na kesho yake huijaza tena, wakadhani kuwa ndivyo gari lilivyo. Walakini mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote, na gari zima halina haja ya kuongezewa maji kila siku. Maji yakipungua yana mahali yalipopita, na joto likizidi lina sababu yake. Sababu hiyo aghalabu yaweza kutafutwa nyumbani kwa vifaa vichache, madhali mwenye gari ana subira ya kulitazama jambo kwa taratibu, na kabla ya kuuliza kimeharibika nini ameuliza kwanza: gari linachemka lini?

Gesi zinazowaka ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za sentigredi, na takriban theluthi ya nguvu iliyomo katika petroli hugeuka joto ambalo maji hayana budi kulibeba na kulitoa nje. Pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda, themostati huyafungulia njia yakishapata moto wa kutosha, rejeta huyagawa katika vijibomba vyembamba, na feni huvuta upepo wa kuvipoza. Kifuniko cha rejeta, ambacho watu hukidharau hata wengine wakatumia cha gari jingine, ndicho kinachozuia mvuke na kuzidisha kanieneo ndani ya mfumo. Juu yake hupigwa chapa ya kipimo chake, mathalani 0.9 au 1.1, na kwa kanieneo hiyo maji ya kawaida hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukikatika au springi yake ikilegea, maji huchemka kwa nyuzi 100 mtu akiwa Mombasa, na kwa nyuzi 94 hivi akiwa Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi. Kwa hiyo gari lililokuwa salama pwani laweza kufoka bara kwa ubovu wa kifuniko peke yake, na mwenyewe akauziwa rejeta mpya asiyoihitaji.

Kanieneo hiyo hiyo ndiyo hatari kubwa ya kazi hii. Afunguaye kifuniko injini ikiwa ya moto huyaachilia maji yaliyopita kiwango cha kuchemka. Mara moja hugeuka mvuke, nao humrukia usoni na kifuani. Na asubiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza, na ukibonyezwa uwe laini. Nusu saa haitoshi siku zote. Kadhalika asimimine maji baridi katika injini iliyochemka, kwa kuwa chuma chenye moto hujikunja au kupasuka kikipozwa kwa ghafula.

Sasa turudi kwenye swali letu. Gari linalopanda joto katika foleni na kupoa linapokimbia, linakosa upepo wa feni, kwani likiwa mwendoni upepo wa barabarani huifanya kazi hiyo bure. Kwa feni ya umeme, washa injini na kiyoyozi: katika magari mengi feni huanza kuzunguka papo hapo. Ikinyamaza, tazama fyuzi yake, kisha badilishana rilei yake na nyingine ya aina ile ile iliyomo katika kisanduku hicho hicho. Feni ikiamka, umepata jibu kwa gharama ndogo sana. Isipoamka, huenda ni mota au sensa, na hapo fundi wa umeme aitwe. Vidole viwe mbali, maana feni ya namna hii yaweza kuzunguka hata injini ikiwa imezimwa.

Gari linalotulia mjini lakini likapanda joto katika mwendo mrefu au mlimani, kama vile Kitonga, au kutoka Mombo kwenda Lushoto, halikosi feni; linakosa mpito wa maji au wa hewa. Anza nje ya rejeta: vumbi, wadudu na matope hujaza mapezi yake, na hospaipu ya maji yasiyo na nguvu nyingi, ikielekezwa kutoka upande wa injini kwenda mbele, huyatoa. Kisha, gari likiwa limezimwa na waya wa feni umechomolewa, feni isije ikaamka juu ya mkono wako, papasa uso wa rejeta ukiwa na uvuguvugu: pahali penye baridi katikati ya pahali penye moto ndipo vijibomba vilipoziba. Wengi wa walioziba vijibomba hivyo ni wenye gari wenyewe, kwa kumimina dawa za kuzibia matundu, au kwa kutumia miaka mingi maji ya kisima yenye chumvi na chokaa.

Gari linalopanda joto mara baada ya kuwashwa, kabla halijafika mbali, na mpira mmoja wa rejeta ukawa wa moto sana hali mwingine ni baridi, hutuelekeza kwenye themostati iliyokwama ikiwa imefungwa. Hapa sina budi kusema neno juu ya mazoea yaliyoenea katika gereji zetu, ya kuing'oa themostati na kuitupa kwa hoja kwamba nchi za joto haziihitaji. Hoja hii haina msingi. Injini imetengenezwa ifanye kazi katika joto maalumu. Ikipozwa kupita kiasi hula petroli zaidi, oili yake haikaushi unyevu, na silinda huchakaa upesi. Fauka ya hayo, katika injini kadhaa themostati ikitoka, maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari huchemka kuliko mwanzo. Kuijaribu ni kazi nyepesi. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, na tia kipimajoto. Ubavuni mwake pameandikwa namba, mathalani 82. Maji yakifika nyuzi hizo utaona vali ikianza kuachana na kitako chake, na yanapokaribia kuchemka iwe imefunguka kwa upana wa milimita nane au zaidi. Isipotikisika, nunua nyingine yenye namba ile ile.

Maji yanayopungua bila kuonekana yafuatwe asubuhi, kabla gari halijawashwa, kwa kipande cha boksi kilicholazwa chini yake usiku kucha. Alama nyeupe au za kijani zilizokauka kwenye maungio ya mipira ni ushahidi wa uvujaji wa zamani. Chini ya pampu pana kitundu kidogo, nacho kikidondosha maji, sili ya pampu imekwisha. Na mpira wa juu ukionekana umebonyea injini inapopoa, ile vali ndogo ya kifuniko inayoruhusu maji kurudi kutoka chupa ya akiba haifanyi kazi.

Ukishatengeneza, jaza kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, usichanganye aina mbili, na uiache injini iungurume kifuniko kikiwa wazi mpaka themostati ifunguke na hewa itoke. Watu husema kulanti ni ya nchi za barafu, lakini kwetu faida yake ni kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Ina sumu nayo ni tamu. Watoto, mbwa na paka hufa kwa kuilamba, kwa hiyo isimwagwe uani.

Yakibaki mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta, au moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto, au oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa, basi aghalabu gasketi ya silinda hedi imeungua. Usiliendeshe gari hilo hata hatua moja. Mwite fundi, na kabla hajafunga gasketi mpya mwambie aipime silinda hedi kwa rula iliyonyooka mbele yako, kwa kuwa aluminiamu iliyochemka hupinda, na kupinda kunakoruhusiwa aghalabu hakuzidi moja ya kumi ya milimita. Ikizidi, ipelekwe kwa mkereza vyuma ikasawazishwe, la sivyo gasketi ya pili itaungua kama ya kwanza.