Mziba Ufa: Habari za Erasto Nyoni, Mlinzi wa Mpira

Katika nyumba nyingi za huku kwetu kusini, tangu Newala iliyo ukingoni mwa uwanda wa Makonde mpaka Masasi iliyokaa chini ya milima yake ya mawe, wazazi huulizana jambo moja. Kijana amependa mpira. Akitoka shuleni yuko kiwanjani, akitoka chuoni yuko kiwanjani, na jembe la kupalilia mikorosho amelisahau. Je, tumwache au tumzuie? Sisi walimu wa vyuo vya Kurani huletewa swali hili mara nyingi, wala si haki kulijibu kwa hasira au kwa kicheko, kwa kuwa mpira siku hizi ni kazi yenye mshahara, mkataba na bosi, kama kazi nyingine.

Lakini twaona kuwa vijana wetu wengi wanaitamani kazi wasiyoijua. Mwulize mmoja wao ataka kuwa nani, atakutajia mfungaji wa mabao ambaye picha yake imebandikwa katika kila kinyozi. Hatakutajia mlinzi. Na hali ilivyo, wachezaji wengi wanaokula kwa jasho la mpira si wale wenye picha ukutani. Ni mafundi wa kawaida wanaohama klabu hadi klabu, wakipangwa leo hapa na kesho pale, wakitimiza wajibu wao bila kelele. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu kueleza habari za mmoja wao, Erasto Nyoni, ambaye safari yake ilimfikisha mpaka Ruangwa, jirani zetu.

KAZI YA MLINZI

Kwanza yafaa tuieleze kazi yenyewe, kwani wako akina mama na wazee wasomao gazeti hili ambao hawakupata kukaa uwanjani. Mfungaji anaweza kukosea mara tisa, na akipatia mara ya kumi akabebwa juu kwa juu. Mlinzi yuko kinyume chake. Anaweza kuokoa hatari tisa na mtu asikumbuke hata moja, lakini ya kumi ikimpita jina lake litatajwa kwa ubaya mpaka sokoni.

Watu wa Newala watanielewa upesi. Uwanda wetu hauna mito, na kwa miaka mingi maji yamekuwa taabu. Ndiyo maana nyumba nyingi huvuna maji ya mvua katika matangi ya saruji. Tangi likiwa zima hakuna anayelisifu. Likipata ufa mwembamba kama uzi, maji ya masika yote hupotea usiku mmoja, na asubuhi nyumba nzima yalia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mlinzi ndiye mziba ufa. Humtazama mtu kabla ya kuutazama mpira. Hujua aliposimama mwenzake wa kulia na wa kushoto. Hupanda pamoja nao ili adui aotee, na akichelewa hatua moja mtego wote umeharibika. Kazi hii yataka subira na ulimi wa kuwaamsha wenzake, kuliko mbio na madaha.

Nyoni aliijua kazi hii kwa namna ya pekee. Alicheza mlinzi wa kulia, akacheza wa kushoto, akacheza wa kati, na palipokuwa na haja akasogezwa mbele ya walinzi kuwa kiungo mkabaji. Wapenzi wa mpira wakamwita kiraka. Mtu mwenye majivuno angeona jina hilo ni tusi, maana nani atakaye kuitwa kitambaa cha kuzibia tundu? Lakini fundi cherehani ajua kuwa nguo isiyo na kiraka huishia jalalani, na yenye kiraka humsitiri mtu mwaka mwingine.

SAFARI YAKE

Nyoni alizaliwa mwaka 1988. Ujana wake wa mpira ulimpeleka nje ya nchi, kwa jirani zetu wa Burundi, akachezea klabu ya Vital'O ya Bujumbura. Jina lake lilijulikana nchini tarehe 16 Juni, 2007, timu ya taifa ikiwa chini ya mwalimu Marcio Maximo kutoka Brazil. Siku hiyo Taifa Stars waliifunga Burkina Faso bao 1 kwa 0 kwao Ouagadougou, na aliyefunga ni Nyoni, kijana wa miaka 19. Furaha ile haikudumu, kwa maana baadaye Stars walifungwa na Msumbiji nyumbani na safari ya Kombe la Afrika la 2008 ikafa. Lakini kijana alikuwa amekwisha kuonekana.

Akaingia Azam, klabu ya Dar es Salaam iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2008, na huko akakaa miaka mingi. Mwaka 2017 alihamia Simba pamoja na wenzake kadhaa wa Azam, akiwamo mlinda mlango Aishi Manula na mshambuliaji John Bocco. Simba wakatwaa ubingwa mara nne mfululizo, tangu msimu wa 2017/18 mpaka 2020/21, naye akiwamo kikosini. Mwaka 2022 akaondoka Simba, akaenda Namungo ya Ruangwa.

Hesabu hiyo ni fupi kuandika, lakini ni miaka zaidi ya kumi na mitano ya kuamka alfajiri, kukimbia, kuumia, kukaa benchi na kurudi tena. Ndani yake limo jambo moja ambalo kwa maoni yetu lina faida kwa kila nyumba, awe baba apenda mpira au haupendi.

TUHUMA

Mwishoni mwa mwaka 2012 Azam walifungwa na Simba mabao 3 kwa 1. Baada ya mchezo huo uongozi wa klabu uliwasimamisha wachezaji wanne, walinzi watatu na mlinda mlango mmoja, kwa tuhuma ya kuwa walipokea rushwa ili timu yao ifungwe. Nyoni alikuwa mmoja wa hao wanne. Shauri likapelekwa kwa TAKUKURU, chombo cha Serikali cha kupambana na rushwa.

Msomaji atafakari uzito wa jambo hili. Mshambuliaji akikosa bao, watu husema leo hana bahati. Mlinzi akikosea, ni rahisi mtu kusema amenunuliwa, na hana namna ya kufungua moyo wake ili watu wauone. Ile kazi yake isiyoonekana akiifanya vema, sasa ndiyo inayogeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Na jina la mtu likikwisha kupakwa masizi, maji ya bahari yote hayatoshi kuliosha. Katika Sura ya Hujurat tumeonywa kujiepusha na dhana nyingi, na tumekatazwa kupeleleza aibu za watu. Twaisoma vyuoni, watoto waihifadhi, kisha jioni tukikaa barazani twasahau, tukimhukumu mtu kwa bao lililopita katikati ya miguu yake.

Mwaka 2013 uchunguzi ukaisha. TAKUKURU haikuona kosa kwa wachezaji wale, nao wakarudishwa kazini.

Hapa ndipo wengi tungetaka kuona kisasi, au kelele magazetini, au mtu kuvunja mkataba na kwenda zake. Nyoni alirudi katika nafasi yake akacheza. Msimu uliofuata, wa 2013/14, Azam walichukua ubingwa wa Tanzania Bara kwa mara ya kwanza, na katika michezo 26 hawakufungwa hata mmoja. Mwaka 2015 klabu hiyo ikachukua Kombe la Kagame, la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, bila kuruhusu bao hata moja tangu mchezo wa kwanza mpaka wa mwisho. Ukuta uliodhaniwa umeuzwa ndio uliosimama imara kuliko kuta zote.

SIKU YA UGANDA

Mapema mwaka 2019 Nyoni aliumia katika mashindano ya Kombe la Mapinduzi kule Unguja. Katika majuma yale Simba walisafiri mara mbili katika mashindano ya klabu bingwa Afrika bila yeye, wakafungwa 5 kwa 0 na AS Vita nchini Kongo, na tena 5 kwa 0 na Al Ahly nchini Misri. Hatusemi kuwa mtu mmoja angeyazuia mabao kumi. Lakini watu walianza kuuliza kiraka yuko wapi, wale wale ambao zamani hawakumtaja alipokuwapo.

Kisha ikaja tarehe 24 Machi, 2019. Tanzania haikuwa imekwenda fainali za Kombe la Afrika tangu zile za mwaka 1980 huko Nigeria. Miaka 39 ilikuwa imepita, baba aliyeziona akiwa kijana sasa ana wajukuu. Uwanja wa Taifa, ambao sasa huitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, ulijaa. Wageni walikuwa Uganda. Simon Msuva akafunga bao la kwanza. Baada ya mapumziko ukapatikana mkwaju wa penalti, na mpigaji akawa Erasto Nyoni. Akafunga. Dakika chache baadaye bao la tatu likafungwa kwa kichwa, na mfungaji akawa Aggrey Morris, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale wanne waliosimamishwa mwaka 2012. Tanzania 3, Uganda 0.

Basi katika siku ambayo taifa zima liliingojea karibu miaka arobaini, mabao mawili kati ya matatu yalifungwa na walinzi wawili ambao zamani waliitwa wasaliti. Mtu akitaka kujua kwa nini tusifanye haraka kumhukumu mwenzetu, habari hii yamtosha. Kule Misri, katika fainali zenyewe, timu yetu ilifungwa michezo yote mitatu, na Senegal, Kenya na Algeria. Lakini kufungwa kule hakukuifuta safari.

RUANGWA

Alipotoka Simba Nyoni alikuwa na miaka 34. Wengine katika umri huo hukataa klabu ndogo kwa kuona haya. Yeye akaja kusini, Ruangwa, mji wa mkoa wa Lindi ambao mtu wa Masasi huufikia kwa kupita Nachingwea. Namungo walipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na katika msimu wa 2020/21 wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Kwa klabu ya mji mdogo hilo ni jambo kubwa, na sisi wa mkoa wa Mtwara twalijua vizuri, maana Ndanda yetu ilipanda mwaka 2014 na ikashuka mwaka 2020. Kupanda ni kugumu, kubaki ni kugumu zaidi, na klabu kama hizo huhitaji mtu mzima wa kuwaonyesha vijana mahali pa kusimama.

NENO KWA WAZAZI

Tumwache kijana au tumzuie? Jibu letu ni kuwa aelezwe kweli yote, kisha aongozwe.

Aelezwe kuwa mkorosho huanza kuzaa mwaka wa tatu na huendelea kuzaa mpaka mpandaji azeeke, lakini miguu ya mchezaji huanza kuzaa akiwa na miaka kumi na minane hivi na husita akifika thelathini na mitano, ikiwa hakuumia kabla. Mwenye msimu mfupi hana budi kuweka akiba, na kuwa na elimu au ufundi wa pili. Kwa hiyo shule isiachwe, wala chuo kisiachwe, na mazoezi yasimpite wakati wa sala.

Mzazi naye ajue kanuni. Kwa sheria za FIFA, mkataba wa mchezaji hauzidi miaka 5, na aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka 3. Kijana wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa nchi kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Tangu Oktoba 2023 wakala hutakiwa kuwa na leseni ya FIFA. Basi akija mtu Newala au Masasi na begi jeusi, akisema atampeleka mwanao Ulaya, na kwanza atake uuze shamba la mikorosho ili alipe gharama, mwombe leseni yake. Asipokuwa nayo, mpe maji ya kunywa na umwonyeshe njia ya stendi. Na mkataba usitiwe sahihi kabla ya kusomwa na mtu anayeelewa, neno kwa neno.

Mwisho, tuwafunze watoto kuwaheshimu wazibao nyufa, uwanjani na nje ya uwanja: mlinzi, fundi wa tangi, mama achotaye maji kabla ya adhana ya alfajiri. Na tukisikia mtu ametuhumiwa, tuzuie ndimi zetu mpaka ukweli udhihirike.

Wabillahi tawfiq.