Kanuni za Pamoja za Ukaguzi wa Msimbo na Nafasi ya Kiswahili katika Violesura vya Tovuti: Mtazamo kutoka Kabalagala, Kampala

1.0 Utangulizi

Ibara ya 6 ya Katiba ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, raia anazidi kupata huduma kupitia skrini ya simu, na huko lugha huamuliwa na anayeandika msimbo wa kiolesura. Makala haya yanaeleza namna kanuni za pamoja za ukaguzi wa msimbo zinavyoweza kuifikisha sera ya lugha mahali hapo.

Haja hiyo inaonekana wazi Kabalagala, katika Divisheni ya Makindye, kando ya barabara ya Ggaba. Katika mtaa huo Kiganda, Kiingereza, Kiswahili, Kiamhari na Kitigrinya husikika kwa pamoja. Tovuti isiyoweza kubadili lugha huwaacha nje baadhi ya wakazi wake.

2.0 Dhana ya linta

Linta ni programu inayosoma msimbo bila kuuendesha na kubainisha kasoro zake. Jina hilo linatokana na programu ya lint iliyoandikwa na Stephen C. Johnson wa Bell Labs mwaka 1978. Kwa lugha ya JavaScript, Douglas Crockford alitoa JSLint mwaka 2002, na Nicholas C. Zakas akaanzisha ESLint mwaka 2013.

ESLint humwachia mtumiaji uhuru wa kuongeza kanuni na kuipa kila moja ngazi: kuzimwa, kuonya au kuhesabiwa kuwa kosa. Uhuru huo una gharama. Kila mradi ukijiwekea kanuni zake, kinachokataliwa katika mradi mmoja hupita katika mwingine. Suluhisho ni kuandika kanuni mara moja katika kifurushi chenye namba ya toleo, kisha miradi yote ikirithi kifurushi hicho.

3.0 Kanuni zinazogusa lugha

Ichukuliwe mfano timu ndogo ya Kabalagala inayotunza tovuti za kliniki, shule na duka. Kanuni tatu zinaihusu moja kwa moja.

Kwanza ni kanuni ya i18next/no-literal-string, inayokataza maneno ya mtumiaji kuandikwa ndani ya msimbo. Maneno hayo huhamishiwa katika faili la tafsiri, ambamo mfasiri huyafikia bila kujua JavaScript.

Pili ni kanuni dhidi ya kuunga sentensi vipande vipande. Msanidi aliyezoea Kiingereza huongeza herufi “s” kuonyesha wingi. Kiswahili hakikubali mbinu hiyo: “kitanda kimoja kimebaki” huwa “vitanda viwili vimebaki”, mabadiliko yakigusa nomino, namba na kitenzi. Sentensi nzima, kwa umoja na kwa wingi, sharti iwe katika faili la tafsiri.

Tatu ni kanuni za jsx-a11y/html-has-lang na jsx-a11y/lang, zinazodai ukurasa utaje lugha yake kwa alama sahihi. Ukurasa wa Kiswahili usiotaja “sw” unaweza kusomewa asiyeona kwa matamshi ya Kiingereza, hata asielewe.

4.0 Utekelezaji

Mradi wa zamani ukiwekewa kanuni zote kwa siku moja hutoa makosa mengi mno, na wasanidi huizima linta. Inafaa kanuni zianze katika ngazi ya onyo, zipandishwe kuwa kosa moduli baada ya moduli, na kila msamaha uandikiwe sababu. Mpangilio wa nafasi na mistari uachiwe Prettier, ili mijadala ya timu ibaki kwenye mambo yanayomgusa mtumiaji. Aidha, ukaguzi uendeshwe na seva kabla ya msimbo kuunganishwa, wala usitegemee kumbukumbu ya mtu.

Mfano wa karibu ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutengenezwa mwaka 2004 na ambao ndio msingi wa UgandaEMR. Kiolesura cha toleo lake la 3 kimegawanywa katika moduli zinazotunzwa katika hazina tofauti, na maneno yake hukaa katika mafaili ya tafsiri. Pasipo kanuni za pamoja, moduli moja tu iliyokiuka utaratibu huo ingemwonyesha muuguzi skrini yenye lugha mbili.

5.0 Hitimisho

Linta haiwezi kupima usanifu wa Kiswahili. Inathibitisha tu kwamba mlango wa tafsiri uko wazi. Kazi ya istilahi na ufasaha inabaki kwa wanaisimu. Lakini mlango ukifungwa, kazi yao haimfikii msomaji. Inapendekezwa kwamba zabuni za mifumo ya umma zidai kifurushi cha kanuni za pamoja pamoja na ripoti ya ukaguzi, na kwamba asasi za Kiswahili, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zishirikishwe katika kuziandaa kanuni hizo.