Kuacha dekoda na kuangalia kwa intaneti: hesabu ya Mutwanga inasema nini?

Mwisho wa mwezi ukifika, swali moja linarudi katika nyumba nyingi za Mutwanga: abonema ya dekoda ilipwe tena, ao feza ziende kwanza kwenye minervali ya watoto na sabuni ya nyumba? Siku hizi kuna jibu jingine linalosikika kwenye maduka ya simu na kando ya barabara: dekoda iachwe, watu waangalie filamu, muziki na mpira kwa intaneti. Wanaosema hivyo wanaahidi kwamba gharama itapungua.

Ahadi hiyo iko na ukweli ndani yake, lakini si kwa kila nyumba. Kinachoamua ni saa ngapi tele inawaka kila siku, na watu wangapi wanaiangalia.

Wazo limetoka kwa watu wenye waya

Wazo la kuacha televisheni ya kulipia limetoka Marekani na Ulaya. Kule, familia nyingi zilikuwa zinapokea televisheni kwa waya uliovutwa mpaka ndani ya nyumba, na zilikuwa zinalipa feza nyingi kila mwezi kwa chaneli ambazo nyingine hawakuzifungua hata mara moja. Netflix na YouTube zilipopata nguvu, watu wakaona wanaweza kuchagua wenyewe filamu wanayoitaka, saa wanayoitaka, kwa bei ndogo. Wakakata waya. Netflix yenyewe ilifungua milango katika nchi karibu zote za dunia, Kongo ikiwa ndani, mwezi wa kwanza mwaka 2016.

Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi halisemwi. Familia hizo zilikuwa tayari na intaneti ya nyumbani inayolipiwa kwa mwezi, bila kuhesabu mega. Mtu akiangalia filamu moja ao kumi, bei ya intaneti ni ileile. Kwa hiyo alipokata waya, sehemu kubwa ya feza ile ilibaki mfukoni.

Huku Mutwanga, kama vile Bulongo, Beni ao Butembo, picha haiji kwa waya. Inatoka kwenye satelaiti na kuingia kwa parabola iliyofungwa juu ya bati. Mtu analipia Canal+, DStv, StarTimes ao Azam TV kwa mwezi. Intaneti nayo inanunuliwa kwenye simu, kwa mega na kwa giga, kupitia Vodacom, Airtel ao Orange. Zikiisha, picha inasimama.

Hapo ndipo tofauti iko. Abonema ya parabola haihesabu saa: tele ikiwaka saa moja ao saa kumi kwa siku, bei ya mwezi haibadiliki. Intaneti ya simu inahesabu kila dakika.

Saa moja inakula giga ngapi?

Netflix inatoa hesabu yake wazi. Kwa picha ya chini, saa moja inakula karibu giga 0,3. Kwa picha ya kati, karibu giga 0,7. Kwa picha safi ya tele kubwa, inaweza kufika giga 3 kwa saa moja. YouTube nayo inafuata njia hiyohiyo: picha ikiwa safi zaidi, mega zinaisha haraka zaidi. Matangazo yanayopita katikati ya video nayo yanakula mega.

Tuchukue nyumba mbili za mfano.

Nyumba ya kwanza ni ya kijana anayeishi peke yake. Anaangalia saa moja kila usiku, kwenye simu, kwa picha ya chini. Kwa siku 30, atatumia karibu giga 9.

Nyumba ya pili ni ya baba, mama na watoto watano. Tele inafunguliwa saa kumi na moja ya jioni, watoto wakiwa wametoka masomo, na inafungwa saa tatu ya usiku. Hizo ni saa 4 kwa siku, ni kusema saa 120 kwa mwezi. Kwa picha ya kati, wanahitaji giga 84. Wakitaka picha safi kwenye tele kubwa, ni giga 360.

Kila mtu anajua bei ya giga moja kwenye mtandao anaotumia. Akizidisha bei hiyo kwa 9, anapata hesabu ya nyumba ya kwanza. Akizidisha kwa 84, anapata hesabu ya nyumba ya pili. Kiisha aweke hesabu hiyo kando ya bei ya abonema ya mwezi. Watu wengi wakifanya hivyo wataona kwamba kijana anaweza kweli kubakiza feza, lakini familia kubwa inaweza kulipa mara nyingi zaidi ya ile abonema waliyoikimbia. Na hapo bado hawajalipa Netflix yenyewe, ambayo inaomba malipo yake ya mwezi, kwa kawaida kwa kadi ya benki. YouTube inafunguka bila kulipa, lakini mega ni za mwenye simu.

Umeme nao uko kwenye hesabu

Mutwanga iko na bahati ambayo vijiji vingi vya jirani havina. Tangu mwaka 2013, kiwanda kidogo cha umeme cha Virunga, chenye nguvu ya karibu kilowati 400, kinatumia maji yanayoteremka kutoka Ruwenzori. Lakini si kila nyumba imeunganishwa, na umeme nao unanunuliwa. Wengine wanaishi na sahani ya jua na betri moja.

Tele ndogo ya kisasa pamoja na dekoda yake inaweza kuhitaji wati 50 ao 60. Simu inapochajiwa inahitaji wati 5 ao 10 tu. Kwa mwenye betri ndogo, tofauti hiyo inaonekana usiku uleule: tele inazima betri mapema, simu inafika asubuhi. Kwa upande huo, simu inashinda. Ila simu ni ya mtu mmoja ao wawili. Watu saba hawawezi kuangalia kioo kimoja cha simu. Kila mmoja akishika yake, mega nazo zinazidishwa kwa hesabu ya simu.

Mpira ndio unaoshika watu

Ukiuliza wakaaji kwa nini wanaendelea kulipa abonema, wengi watajibu neno moja: mpira. Filamu inaweza kungoja kesho. Mchezo wa Leopards haungoji.

Watu wa Beni na Butembo hawajasahau tarehe 7 mwezi wa pili mwaka 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wa Kongo walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kwenye panja kama bunduki, ili kuonyesha dunia nzima kwamba watu wanauawa mashariki na wengine wananyamaza. Kongo ilishindwa 1 kwa 0 na Côte d'Ivoire, lakini picha ile ilibaki. Kwa watu wa huku, kuiona moja kwa moja haikuwa starehe tu.

Kwa mchezo kama huo, intaneti iko na matatizo matatu. Kwanza, haki za kuonyesha michezo mikubwa zinauzwa kwa makampuni makubwa ya televisheni, kwa hiyo mara nyingi hazipatikani bure kwenye YouTube. Pili, mchezo mzima pamoja na mapumziko unachukua karibu saa 2, ni kusema giga 1,4 kwa picha ya kati. Watu wengi wakifungua simu kwa wakati mmoja sehemu moja, mtandao unalemewa na picha inakwamakwama. Tatu, picha ya intaneti inachelewa nyuma ya ile ya satelaiti: jirani mwenye parabola anapiga kelele ya bao wakati mwenye simu bado anaona mpira katikati ya uwanja.

Ni vizuri pia kujihadhari na wale wanaouza programu za simu zinazoahidi chaneli zote za dunia kwa dola chache. Nyingi zinaonyesha picha bila ruhusa ya wenyewe, zinaweza kufungwa siku yoyote, na feza zilizolipwa hazirudi. Nyingine zinaomba nambari za siri ambazo zinaweza kumfungulia mwizi akaunti ya M-Pesa ao ya Airtel Money.

Njia ya katikati

Kati ya kuacha dekoda kabisa na kulipa kila mwezi bila kufikiri, kuna njia nyingine.

Ya kwanza ni kulipa kwa msimu. Feza za kakao haziji sawa kila mwezi: zinakuja wakati wa mavuno, na bei yenyewe inapanda na kushuka. Mwaka 2024 tani moja ilipita dola 10 000 kwenye masoko ya dunia, kiisha mwaka 2025 ikateremka sana. Mkulima halazimiki kulipa abonema miezi 12. Anaweza kulipa mwezi wa mashindano makubwa, kiisha akangoja. Anaweza pia kuteremka kwenye fungu la bei ndogo kama zile chaneli za juu hakuna mtu anayeziangalia nyumbani.

Ya pili ni kupakua mbele ya kuangalia. YouTube na Netflix zinaruhusu kuweka video nyingi ndani ya simu, ili ziangaliwe baadaye bila intaneti. Mtandao ukiuza mega za usiku kwa bei ndogo, ndio wakati wa kupakua. Watoto wakipenda katuni ileile mara kumi, mega zinatoka mara moja tu. Mtu akiangalia moja kwa moja kwenye intaneti, kila marudio yanaweza kulipiwa upya.

Ya tatu ni kuchagua ubora wa picha mwenyewe. Simu ikiachwa ijichagulie, inaweza kupanda kwenye picha safi kila mara mtandao unapokuwa na nguvu, na mega zinaisha bila mwenyewe kujua. Kwenye kioo kidogo, 240 ao 360 inatosha. Inafaa pia kuzima ile kazi ya kuanzisha video nyingine peke yake pale ya kwanza inapoisha.

Na kuhusu dekoda zinazoletwa kutoka ng'ambo ya Kasindi, ni vizuri mnunuzi aulize mbele ya kutoa feza: je, abonema yake itaweza kulipiwa kwa simu ya Kongo?

Na Starlink?

Wengine wanaweka tumaini lao kwa Starlink, intaneti inayotoka moja kwa moja kwenye satelaiti. Mwezi wa tatu mwaka 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilikataza matumizi yake. Mwezi wa tano mwaka 2025, kampuni hiyo ilipata ruhusa ya kufanya kazi Kongo. Inalipiwa kwa mwezi, kwa hiyo inafanana zaidi na ile intaneti ya Marekani na Ulaya kuliko mega za simu.

Lakini chombo chenyewe kinanunuliwa kwanza, kinataka umeme muda wote wa kutumika, na malipo ya mwezi ni mzigo kwa nyumba moja. Kwa shule, kituo cha afya ao duka linalohudumia watu wengi, hesabu inaweza kukubali. Kwa mtu mmoja anayetaka filamu tu, ni kununua lori ili kubeba mfuko mmoja wa chumvi.

Picha ikizima, habari ziendelee

Kuna jambo la mwisho ambalo halionekani kwenye hesabu ya feza. Katika secteur ya Ruwenzori, habari si za kupitisha wakati tu. Mtu anataka kujua kama barabara ya Beni-Kasindi inapitika, na kama ni salama kwenda shambani. Nyumba inayoweka kila kitu kwenye intaneti inabaki gizani siku mtandao unapokatika.

Jambo hilo limeshatokea. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Mwenye Netflix na mwenye YouTube walikuwa sawa: hakuna aliyefungua kitu. Aliyekuwa na redio ndogo ya betri aliendelea kusikia habari za karibu naye.

Kwa hiyo, mbele ya kupanda juu ya bati kufungua parabola, familia ichukue kalamu na kuandika kwa wiki moja: tele imewaka saa ngapi, nani aliangalia, aliangalia nini. Kama ni saa moja ya mtu mmoja, simu itatosha na feza zitabaki. Kama ni saa nne za watu saba, dekoda iliyolipwa kwa msimu bado iko na bei nzuri kuliko mega. Na kwa kila nyumba, betri mbili za redio ziwekwe pembeni.