Dawa ya Wazazi Isiyoharibiwa na Joto

Mji wa Habaswein uko katika Wajir Kusini, nchini Kenya, karibu na kinamasi cha Lorian ambamo maji ya mto Ewaso Ng'iro huishia. Katika lugha ya Kisomali jina lake maana yake ni vumbi jingi, na aliyepita huko wakati wa kiangazi hana haja ya kuelezwa sababu. Jua ni kali, na joto la mchana mara nyingi hupita digrii 30. Watu na ngamia wao wamelizoea. Lakini hospitali za nchi za joto hutumia dawa moja isiyoweza kulizoea, nayo ni sindano ya oksitosini, ambayo kwayo maisha ya wazazi wengi huokolewa.

Yafaa kwanza kueleza kazi ya dawa hiyo. Mtoto akisha kuzaliwa na kondo la nyuma likatoka, mishipa ya damu iliyokuwa ikimlisha hubaki wazi katika ukuta wa tumbo la uzazi. Kwa kawaida tumbo la uzazi hujikaza lenyewe kama ngumi, na nyama zake huibana mishipa hiyo mpaka damu ikome. Lisipojikaza, damu hutoka kwa wingi, na hata mzazi mwenye afya njema aweza kufa katika muda wa saa chache. Madaktari huhesabu kuwa ni hatari damu ikifika nusu lita au zaidi katika saa 24 za kwanza. Kwa makisio ya Shirika la Afya Duniani, makumi ya maelfu ya wanawake hufa kila mwaka kwa sababu hii, na walio wengi ni wa nchi maskini.

Oksitosini ndiyo inayoliamuru tumbo la uzazi lijikaze. Mwili wa mwanamke huifanya wenyewe. Mwaka 1953 mtaalamu wa Marekani, Vincent du Vigneaud, alifaulu kuitengeneza katika maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Sindano moja baada ya mtoto kuzaliwa hupunguza sana hatari ya kutokwa na damu. Lakini dawa hiyo hutakiwa kuwekwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, tangu kiwandani mpaka mkononi mwa mkunga. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, au sanduku likiachwa juani, nguvu yake hupungua. Kwa macho haionyeshi dalili yo yote. Mkunga huipiga akiamini kuwa ni nzima, na tumbo la uzazi halisikii amri.

Katika mji mkubwa huenda msaada mwingine ukapatikana upesi. Habaswein iko zaidi ya kilometa 100 kutoka mji wa Wajir, na wazazi wanaokaa malishoni wako mbali zaidi. Mvua kubwa zikinyesha, magari hukwama njiani.

Jinsi dawa mpya ilivyojaribiwa

Kwa ajili hiyo wataalamu walitafuta dawa itakayofanya kazi ile ile pasipo baridi. Ilikuwako dawa iliyo jamaa ya oksitosini, iitwayo kabetosini, nayo ikatengenezwa kwa namna mpya isiyoharibiwa na joto. Namna hiyo hudumu miaka 3 katika joto la digrii 30, na miezi 6 katika digrii 40. Hata hivyo, dawa kudumu ndani ya kichupa si hakika ya kwamba itazuia damu. Ilipasa ijaribiwe kwa wazazi wenyewe.

Jaribio hilo liliongozwa na Shirika la Afya Duniani toka mwaka 2015 hadi 2018, katika hospitali 23 za nchi 10, Kenya na Uganda zikiwamo. Waliingia wanawake 29,645, baada ya kuelezwa habari zake na kuridhia. Waligawanywa kwa kura, nusu wapate kabetosini na nusu oksitosini. Daktari akiachiwa achague mwenyewe, huenda bila kukusudia akawapa dawa moja wazazi wenye nguvu, na nyingine wazazi dhaifu. Mwishowe haitajulikana kama kilichoshinda ni dawa au ni afya ya wazazi. Kura haina upendeleo. Tena vichupa vilifanana, hata mzazi wala mkunga asijue ni dawa ipi iliyotumiwa. Na damu ilikusanywa na kupimwa, haikukisiwa kwa jicho.

Matokeo yalitangazwa mwezi wa Juni 2018. Katika kila wazazi 1,000 waliopewa kabetosini, 145 walitokwa na nusu lita ya damu au zaidi, au walihitaji kuongezewa dawa ya kukaza tumbo la uzazi. Kwa waliopewa oksitosini hesabu ilikuwa 144. Kwa damu ya lita moja au zaidi hesabu zilikaribiana vile vile, ila wazazi wa namna hiyo walikuwa wachache mno hata jaribio lisiweze kukata shauri.

Msomaji aweza kuuliza kuna faida gani ikiwa dawa mpya haikuipita ya zamani. Jibu ni kwamba katika jaribio dawa zote mbili ziliwekwa katika baridi, ili oksitosini isiharibike na vichupa visitambulike. Dawa ya zamani ilipewa nafasi yake bora kabisa, na dawa mpya ikawa sawa nayo. Sasa zikitolewa zote mbili katika friji na kupelekwa penye jua la Habaswein, moja itapungua nguvu na ya pili itabaki vile vile. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani liliikubali kabetosini hiyo mwishoni mwa mwaka 2018, na mwaka 2019 likaitia katika orodha yake ya dawa za lazima.

Mipaka ya dawa hii

Kabetosini ni ya kuzuia damu, nayo hupigwa mara moja tu, baada ya mtoto kuzaliwa. Haifai kamwe kumpiga mama kabla ya hapo ili kuharakisha uchungu, kwa maana tumbo la uzazi hukazika kwa muda mrefu na kumhatarisha mtoto. Tena Shirika liliikubali kwa kuzuia damu, si kwa kutibu damu iliyokwisha kuanza. Kwa hiyo friji ya oksitosini bado yahitajiwa.

Kwa damu iliyokwisha kuanza, jaribio jingine lilileta msaada mkubwa. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, nalo lilifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wazazi zaidi ya 210,000. Safari hii zilizopigiwa kura ni hospitali. Katika baadhi yake wakunga walitandika chini ya mzazi shuka ya plastiki yenye mfuko uliotiwa alama za vipimo. Damu ilipofika alama ya hatari, tiba zote zilitolewa pamoja bila kungoja: kusugua tumbo la uzazi, dawa ya kulikaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mishipani, na uchunguzi wa kutafuta damu inakotoka. Katika hospitali hizo wakunga waliitambua hatari mara 93 katika kila 100. Katika hospitali nyingine mara 51 tu. Madhara makubwa, yaani kutokwa na damu ya lita moja au zaidi, kupasuliwa kwa sababu ya damu, au kufa kwayo, yalipungua kwa 60 katika kila 100.

Wanawake walioingia katika majaribio hayo wamewasaidia wazazi wasiowajua. Lakini hakuna sindano wala shuka iwezayo kumsaidia mzazi aliyechelewa njiani. Yapasa mume na jamaa wafanye shauri la safari mapema, kabla uchungu haujaanza, ili mama ajifungue penye mkunga aliyefundishwa. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.