Mlizamu Uliosahauliwa: Kwa Nini Nyumba za Jangwani Hufurika



Mwezi wa Aprili 2024, mpwa wetu aliyeolewa Al Ain, katika Falme za Kiarabu, alitupigia simu usiku. Sauti yake ilikuwa ikitetemeka. "Shikamoo, mjomba. Maji yanashuka kwenye taa ya sebuleni. Mume wangu amekwama njiani, nami niko peke yangu na mtoto." Tulimwambia kwanza azime umeme kwenye swichi kuu, ahamie chumba kikavu, wala asithubutu kupanda juu ya dari. Kisha tukabaki tukijiuliza: iweje nyumba ya zege, katika nchi ambayo watu hutoka kuswali Istisqaa wakiomba mvua, iharibiwe na maji ya juu yake yenyewe?

Jibu la kwanza ni namna mvua ya jangwani inavyonyesha. Huchelewa, kisha huja yote kwa pamoja. Tarehe 16 Aprili mwaka huo, eneo la Khatm Al Shakla, huko huko Al Ain, lilipata milimita 254.8 katika muda usiotimia saa 24, ilhali nchi hiyo kwa kawaida hupata kama milimita 100 tu kwa mwaka mzima. Jeddah nako, tarehe 25 Novemba 2009, kiasi cha milimita 90 kilimwagika kwa saa chache, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Dari ya mita 200 za mraba, ikinyeshewa milimita 50 kwa saa, hupokea lita 10,000 kwa saa hiyo. Hizo ni zaidi ya ndoo nane za lita ishirini kila dakika. Fundi aliyeweka tundu moja au mawili membamba, kwa kuwa mvua ni ya nadra, amewaachia wenye nyumba deni litakalodaiwa siku moja.

Jibu la pili ni vumbi. Kwa miezi mingi bila mvua, upepo hujaza mchanga ndani ya gata na kwenye midomo ya mabomba. Njiwa hujenga viota humo, na mifuko ya plastiki hunasa. Mvua ya kwanza haiuondoi uchafu huo wote, bali huugeuza tope. Gata nyingi zina mteremko mdogo, hivyo tope hutuama, na maji yanayofuata hukosa njia.

La tatu ni jua. Joto la mchana na baridi ya usiku hutanua na kunywesha plastiki na bati, viungo vikaachana, na gata ikalegea katikati. Mwenye nyumba hajui, kwa kuwa hakuna mvua ya kumfichulia aibu hiyo.

La nne ni dari bapa yenyewe, iliyozungushiwa ukuta mfupi. Mlizamu ukiziba, dari huwa birika. Maji ya kina cha sentimita kumi juu ya mita moja ya mraba yana uzito wa kilo 100. Katika dari tuliyoitaja, hizo ni tani 20 juu ya vichwa vya waliolala.

Wazee wetu wa jangwani walilijua jambo hili. Al-Kaaba tukufu ina mlizamu wake, Mizabu, unaotoa maji ya mvua juu ya dari na kuyamwaga upande wa Hijri Ismail. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliung'oa mlizamu wa Abbas (R.A.) baada ya maji yake kumwagikia njiani. Alipoambiwa kwamba Mtume (S.A.W.) ndiye aliyeuweka kwa mkono wake, Umar alimtaka Abbas apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake. Tunajifunza kwamba maji ya dari yetu yanamhusu na jirani pia.

Basi tuwausie ndugu zetu walioko Ghuba, na sisi wenye nyumba za dari bapa Lamu, Mombasa, hata Garissa na Wajir. Kabla ya msimu wa mvua, mtu mzima mwenye nguvu apande wakati wa ukavu, azoe mchanga na kuzibua matundu. Kisha amimine ndoo ya maji mwisho wa gata na kutazama: yakituama, mteremko urekebishwe. Ukutani, juu kidogo ya usawa wa mlizamu, pawekwe tundu la akiba, ili njia moja ikiziba, nyingine iokoe. Bomba la chini lisimwage maji msingini wala ukutani kwa jirani. Na mvua ikishaanza kwa kishindo, asipande mtu yeyote.

Asubuhi yake, mume wa mpwa wetu alifika salama. Mvua ilipokatika, alipanda na kukuta maji yametuama. Mdomo wa mlizamu ulikuwa umezibwa na kiota cha njiwa na tope lisilojaza hata kopo moja. Alipolizoa, dari yote ikaanza kutoka maji.

Tunapoomba mvua, huomba iwe yenye manufaa. Kuitengenezea njia ya kupita ni sehemu ya dua hiyo.

Wabillahi tawfiq.