Vifaranga Wanaonyonyoana Manyoya
Wafugaji wengi waonapo vifaranga wakidonoana na kunyonyoana manyoya, hudhani kuwa wamenunua mbegu mbaya. Sisi tunaona kwamba mara nyingi ubaya umo bandani.

Tuanze na joto. Kifaranga wa siku moja huhitaji kiasi cha nyuzi 35 za sentigredi, zikipunguzwe 3 hivi kila juma. Mwenye jiko la mkaa asiye na kipimajoto (moshi wake utafutiwe njia ya kutokea) na awatazame vifaranga wenyewe. Wakirundikana penye moto, wanaona baridi. Wakikimbilia ukutani na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Hao wa pili ndio wepesi wa kudonoana, hasa wakibanana chini ya taa kali. Taa hafifu, au nyekundu, huwatuliza.

Pumba tupu nayo haimtoshi kifaranga aotaye manyoya. Achanganyiwe dagaa, mashudu ya soya na chumvi kidogo, isizidi, kwani huua. Vyombo viwe vingi, ili mnyonge naye ale. Kicha cha mchicha kikining'inizwa, watadonoa hicho. Kuwakata midomo, kama wafanyavyo wengine, hakuondoi chanzo.

Unyoya mchanga una damu ndani. Ukichomolewa, damu hutoka, na wekundu wake huwaita wenzake wote. Kifaranga aweza kuliwa akiwa hai. Kwa hiyo aliyejeruhiwa atengwe saa ile ile, wala asirudishwe kundini mpaka kidonda kikauke.