Nafasi Iliyofichwa Ndani ya Mfereji wa Vinili

Nyumba nyingi za Ohio, Pennsylvania na majimbo jirani ya Marekani zina fremu ya mbao, na nje ya mbao hizo zimevishwa vibao virefu vya vinili, kimoja kikilalia kingine kutoka chini hadi juu. Vinili hiyo ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji yanayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi Afrika Mashariki. Hapa imefanywa bamba la unene wa milimita moja hivi na kuchanganywa na unga mweupe wa titani unaoikinga na jua. Vibao hivi vilianza kutengenezwa Columbus, Ohio, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mpita njia huviona vibao tu. Mimi ningemwomba atazame kingo: ubavuni mwa dirisha, kwenye kona, chini ya paa. Kila kibao kinapokomea pana mkanda mwembamba uliokunjwa kwa umbo la herufi J, yaani mfereji, na ndani ya mkunjo huo ndimo ukuta unamoponea au kuharibikia.

Kazi ya kwanza ya mfereji inahusu joto. Mita moja ya PVC hurefuka takriban milimita 0.6 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Chuma hurefuka kama sehemu moja ya tano ya hapo. Sasa chukua kibao cha mita 3.8, urefu wa kawaida sokoni. Usiku wa Januari kinaweza kupoa hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Mchana wa Julai, jua likikipiga, kinafika nyuzi 45 bila shida. Hizo ni nyuzi 60 za tofauti, na kibao kitakuwa kimerefuka karibu milimita 14. Ukikibana pande zote mbili hakina pa kwenda, basi kitabenuka kuja nje, na ukuta mzima utafanya mawimbi.

Ndiyo maana fundi hakifikishi kibao hadi mwisho wa mfereji. Huacha milimita 6 hivi kila upande, na mdomo wa mbele wa mfereji huufunika mwanya huo. Akifanya kazi siku ya baridi kali, huacha kama milimita 10, kwa kuwa kibao alichoshika kimesinyaa na kurefuka kote bado kunakuja. Jambo hili hunivutia kuliko yote katika kazi hii: kipimo sahihi hutegemea hali ya hewa ya saa ile ya kukata. Akikata kifupi mno wakati wa joto, kipupwe kikifika kibao kitasinyaa na kuchomoka mferejini, ukuta ubaki na ufa wazi.

Misumari nayo hufuata kanuni hiyohiyo. Matundu yake ni marefu, na msumari hupigwa katikati ya tundu, kichwa kikiachwa mbali kidogo na plastiki, chini ya milimita moja. Kibao kinaning'inia, hakikugandamizwa. Mikanda ya kona, inayosimama wima, hutundikwa kwa msumari uliopigwa juu kabisa ya tundu la kwanza ili mtanuko wote uelekee chini.

Kazi ya pili ya mfereji ni maji. Wengi huamini kwamba vinili huziba mvua isipite. Haizibi yote, wala haikubuniwa hivyo. Upepo husukuma matone nyuma ya vibao, na huko yanakutana na utando usiopitisha maji uliotandikwa juu ya mbao. Yanateremka, kisha yanatoka kwenye vitundu vidogo vilivyo ukingo wa chini wa kila kibao. Dirishani ndipo pagumu. Mfereji wa juu hukatwa ulimi, na ulimi huo ukakunjwa kushuka ndani ya mfereji wa ubavuni, kama kuti la juu linavyolilalia la chini. Fundi akigeuza mpangilio huo, maji yatamwagika nyuma ya mkanda na kuingia pembeni mwa dirisha, mahali ambapo hakuna atakayeyaona mpaka mbao zianze kuoza.

Chini ya dirisha kibao hukatwa na kupoteza ukingo wake wa misumari, kwa hiyo hutobolewa vinundu vinavyonasa ndani ya mkanda maalumu. Hiyo ni kazi ya dakika chache.

Linalonisikitisha ni mwenye nyumba anayeuona mwanya kati ya kibao na mfereji, akadhani ni kasoro, akaujaza silikoni. Kwa tendo hilo moja amekifunga kibao kisisogee, na huenda pia ameyafungia maji ndani. Kama ana shaka na ukuta wake, akibandike kibao viganja viwili na kukisukuma kulia na kushoto. Kilichotundikwa vizuri huteleza kidogo kila upande. Kisichosogea hata kidogo kimepigiliwa kwa nguvu mno au kimejazana mferejini, na inafaa kifunguliwe kabla joto halijapanda.